Barua za Wasomaji: Mngurumo wa Besi Katika Rekodi za Nyumbani

Tangu tulipozungumzia namna ya kuchagua maikrofoni ya bei nafuu, barua nyingi zinazotufikia zina lalamiko la aina moja: sauti imerekodiwa chumbani, inasikika vizuri kwenye simu, lakini ikipigwa kwenye spika kubwa inavuma, inanguruma na kuyafunika maneno. Nimechagua barua tano. Majina ya waandishi nimeyaondoa na kubakiza miji yao. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Kutoka Bombo

*Ndugu Mhariri, mimi ni mpiga gitaa. Ninaimba kwa mtindo wa kadongo kamu, gitaa na sauti tu, na ninarekodi katika chumba changu cha kulala kwa maikrofoni moja ya kondensa na kompyuta yenye programu ya Audacity. Nikisikiliza kwa simu, wimbo ni safi. Juzi dereva mmoja wa taksi aliupiga katika gari lake lenye spika kubwa ya besi, nikasikia mvumo mtupu na maneno hayakutoka. Fundi mmoja katika video anasema tukate kila kilicho chini ya Hz 100. Nimefanya hivyo, gitaa likakonda na mvumo haukuisha. Nikate wapi?*

Ndugu yetu, fundi huyo hakukudanganya, ila amekupa dawa kabla ya kukupima. Kabla ya kukata chochote inafaa ujue ni nini kinachokaa huko chini. Hz ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde: nambari ikiwa ndogo, sauti ni nene. Sikio zima la binadamu husikia kuanzia takriban Hz 20 hadi Hz 20,000. Mwanamume anapozungumza, msingi wa sauti yake huwa kati ya Hz 85 na 180 hivi, na wa mwanamke kati ya Hz 165 na 255. Waya mnene kuliko zote wa gitaa, yaani E ya chini, hutoa Hz 82, unaofuata hutoa Hz 110, na wa tatu Hz 147. Sasa fikiria mtindo wako: hakuna gitaa la besi nyuma yako, hakuna ngoma, na dole gumba lako ndilo linalobeba sehemu yote ya chini ya wimbo. Ukiweka kichujio kwenye Hz 100, umeukata waya ule mnene katika msingi wake, na ndiyo maana gitaa limekonda.

Wengi hudhani kwamba kichujio cha kuondoa besi huacha kila kilicho juu ya alama na kufuta kila kilicho chini yake. Sivyo, kichujio huteremka polepole, na mteremko wake huhesabiwa kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa kila oktava, yaani kila Hz zinapopungua nusu. Ukichagua Hz 100 kwa mteremko wa desibeli 12, pale pale kwenye Hz 100 umekwisha kupoteza desibeli 3, kwenye Hz 82 umepoteza kama desibeli 5, na kwenye Hz 50 umepoteza kama 12. Ukichagua mteremko mkali wa desibeli 24, ule waya wa E unapoteza karibu desibeli 8, jambo ambalo hata mtu asiye fundi atalisikia. Kwa hiyo swali la wapi ukate halitengani na swali la ukate kwa mteremko gani.

Kama unarekodi gitaa na sauti kwa wakati mmoja katika maikrofoni ile moja, usipite Hz 60, na utumie mteremko wa desibeli 12. Chini ya hapo hakuna muziki wako wowote. Kuna pikipiki za boda zinazopita barabarani, nyayo za watu sakafuni, goti lako linalogonga mguu wa stendi, na upepo wa feni. Hivyo vyote viondoke bila huruma. Kama unarekodi gitaa kwanza, kisha sauti peke yake, gitaa libaki na kichujio chake cha Hz 60, na kile cha sauti ukianzishe kwenye Hz 80. Hapo kipandishe polepole huku wimbo ukipigwa, uimbaji ukiwa katika noti zako za chini kabisa, mpaka usikie sauti inaanza kupoteza kifua. Ukifika hapo rudi nyuma Hz 10 au 15, uache. Jambo hili hufanywa kwa sikio, na nambari za watu wengine, zangu zikiwemo, ni mahali pa kuanzia tu.

Lakini mvumo wako haukuisha hata ulipokata Hz 100, na hilo linatuambia kwamba tatizo lenyewe halikuwa chini ya hapo. Maneno yanapofunikwa, mara nyingi mkosaji yuko kati ya Hz 100 na 400, na mara nyingi vilevile amezaliwa na chumba. Sauti inapogonga kuta mbili zinazotazamana, kuna masafa, yaani viwango fulani vya Hz, yanayorudi na kukutana yenyewe kwa yenyewe, yakajijenga yakawa makubwa kuliko jirani zake. Hesabu yake ni rahisi: gawa 172 kwa umbali wa kuta hizo kwa mita. Vyumba vingi vya kupanga huwa na futi 10 kwa 12 hivi, yaani mita 3.05 kwa 3.66. Upande mfupi unakupa Hz 56 na upande mrefu Hz 47, kisha kila moja hurudia kwa mara mbili na mara tatu: Hz 113 na 169 kwa upande mmoja, Hz 94 na 141 kwa mwingine. Angalia ile Hz 113 ilivyo karibu na waya wako wa A wa Hz 110. Kila unapoupiga waya huo, chumba kinaimba nawe. Chumba cha mraba ni kibaya zaidi, kwa sababu pande zote mbili hunguruma katika noti ile ile.

Pima chumba chako kwa futi kamba, fanya hesabu hiyo, kisha ufungue ikwalaiza (zana ya kuongeza au kupunguza masafa fulani) yenye pointi za kusogeza na upunguze, si kuongeza, karibu na masafa uliyoyapata. Anza na desibeli 3 au 4 kwa upana wa wastani. Video nyingi zinafundisha njia ya kinyume: uongeze pointi nyembamba kwa desibeli 10, uitembeze mpaka usikie sauti mbaya, kisha uikate pale. Mimi siipendi njia hiyo kwa mtu anayeanza, kwa sababu masafa yoyote ukiyaongeza kwa desibeli 10 yatasikika mabaya, hata yale yasiyo na kosa, na mwishowe utajikuta umetoboa matundu sita katika wimbo uliokuwa na kasoro moja. Tembeza pointi iliyopunguzwa. Pale maneno yanapojitokeza ghafla, simama.

Baada ya hapo angalia eneo la Hz 200 hadi 300, ambapo gitaa la mbao na kifua cha mwanamume hugombea nafasi moja. Kama vimerekodiwa mbalimbali, punguza gitaa kwa desibeli 2 au 3 hapo na usiiguse sauti. Gitaa likisikilizwa peke yake litaonekana jembamba kidogo, na hilo lisikusumbue, kwa maana hakuna atakayelisikiliza peke yake. Kila unapolinganisha kabla na baada, hakikisha viwango vya sauti vinalingana, kwani ukipunguza besi wimbo wote unashuka kidogo, na sikio hupenda kilicho na sauti kubwa zaidi hata kama ni kibovu.

Umeuliza kwa njia isiyo ya moja kwa moja kwa nini simu ilikuficha haya yote. Kispika cha simu ni kidogo mno. Chini ya Hz 200 au zaidi hakitoi kitu cha maana, hivyo kwenye simu ulikuwa unausikiliza wimbo uliokwisha kukatwa besi. Kuna sababu ya pili, nayo iko katika sikio lenyewe. Fletcher na Munson, watafiti wa maabara za Bell huko Marekani, walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio huyapuuza masafa ya chini zaidi kuliko yale ya katikati. Anayechanganya wimbo usiku kwa sauti ndogo ili asiwaamshe wenzake huongeza besi bila kujua, na taksi ikiupiga kwa sauti kubwa, besi hiyo yote inajitokeza.

Kama una hedifoni, zipime kabla ya kuziamini. Tumia Audacity kutengeneza mlio mtupu wa Hz 100, kisha wa 80, wa 60, na wa 40, yote kwa kiwango kimoja, uone ni wapi mlio unapotea. Hedifoni zikiishia Hz 80, basi lolote unaloamua chini ya hapo unaliamua gizani. Katika hali hiyo fungua mchoro wa masafa wa programu na uutumie kama macho yako. Tena weka karibu wimbo mmoja uliotoka katika studio nzuri, unaoujua vilivyo, wenye vyombo vichache kama wako, uwe unaurudia kila baada ya muda mfupi.

Kutoka Arua

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa kwaya. Tunarekodi waimbaji kumi na wawili pamoja na adungu tatu, yaani vinubi vyetu vya nyuzi, mojawapo ikiwa ile kubwa ya besi. Umeme ukikatika tunatumia jenereta, na rekodi zote zinakuwa na mvumo usiokoma. Nilifuata maelekezo ya mtandaoni ya kuweka kichujio chembamba kwenye Hz 60, lakini mvumo uko pale pale.*

Dada yetu, maelekezo uliyoyapata yaliandikwa Marekani, ambako umeme wa majumbani huzunguka mara 60 kwa sekunde. Uganda umeme wetu ni wa Hz 50, sawa na Kenya, Tanzania na Uingereza. Ulichoma mkuki mahali ambapo mnyama hakuwapo. Mvumo wa umeme wetu unakaa kwenye Hz 50, na vivuli vyake kwenye 100, 150, 200 na kuendelea. Na kwa kweli ile Hz 100 ndiyo inayosikika zaidi mara nyingi, kwa sababu sikio letu linaisikia vizuri kuliko 50.

Hata hivyo usikimbilie kuhamisha kichujio chako kwenye Hz 50 kabla ya kujua mvumo unaingilia mlango gani. Jenereta ina njia mbili za kukuharibia rekodi. Njia ya kwanza ni waya: umeme wake huingia kupitia chaja ya kompyuta, hasa pale ambapo nyumba haina waya wa ardhi unaofanya kazi. Njia ya pili ni hewa: injini yenyewe inasikika na maikrofoni. Jenereta nyingi ndogo za petroli zenye silinda moja na mipigo minne huzunguka mara 3,000 kwa dakika na huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili, yaani mara 25 kwa sekunde. Mngurumo wake kwa hiyo huanzia Hz 25, na unajirudia kwenye 50, 75, 100 na 125.

Ili kutofautisha, acha jenereta iendelee, chomoa chaja, rekodi sekunde 20 za ukimya kwa betri ya kompyuta peke yake, kisha rudisha chaja na urekodi nyingine 20. Mvumo ukitoweka kwa betri, ulikuwa unapita kwenye waya, na dawa yako ni kurekodi kwa betri siku zote, ambayo ni bora kuliko ikwalaiza yoyote. Ukibaki vilevile, unapita hewani. Isogeze jenereta nyuma ya jengo jingine, mradi waya wa kuongezea uwe mnene wa kutosha kwa mzigo, na maikrofoni iipe jenereta mgongo.

Kwa rekodi ambazo mmekwisha kuzifanya na hamwezi kuzirudia, fanya hivi. Tafuta sekunde chache kabla kwaya haijaanza, ambapo hakuna anayeimba, na uangalie mchoro wa masafa wa kipande hicho tu. Utaona vilele vyembamba vimesimama. Soma nambari zake halisi, usidhani, kwa sababu jenereta ndogo haishiki Hz 50 kama umeme wa bwawa la Nalubaale pale Jinja: mzigo ukipungua huenda kasi kidogo, ukiongezeka huzubaa, na kilele chako kinaweza kuwa kwenye 51 au 52. Weka kichujio chembamba sana kwenye kila kilele, kikiwa kimepunguza desibeli 15 hadi 20. Kwa kilele cha chini kabisa unaweza kutumia ukali zaidi. Kwenye Hz 100 na 150 uwe na adabu, kwani adungu kubwa nayo inaishi huko, na upana wa kichujio ukizidi, noti moja ya besi itapotea kila inapopigwa huku zile za jirani zikibaki nzima. Wasikilizaji watadhani mpigaji ameruka waya.

Ikiwa mvumo unayumba katikati ya wimbo, kichujio chembamba kitaukosa. Hapo hutumika ile njia ya kuipa programu mfano wa kelele ili iipunguze kote, na ushauri wangu ni kutozidi desibeli 6 hadi 9. Ukizidisha, sauti za kinamama wa kwaya huanza kuwa na mlio wa majimaji, na mvumo mdogo uliobaki ni afadhali kuliko huo.

Kutoka Jinja

*Ndugu Mhariri, ninatayarisha kipindi cha mazungumzo kwa Kiswahili ambacho vijana wanakisikiliza kwa simu. Ninapenda kukaa karibu na maikrofoni ili nipate sauti nzito ya redio. Tatizo ni kwamba p na b zinalipuka, na watu wanasema sauti yangu ni nene mno. Je, nipunguze besi kiasi gani?*

Maikrofoni nyingi zinazopokea kutoka mbele tu huongeza masafa ya chini kila unapozisogelea. Ukiwa sentimita 3 au 4 kutoka kwenye wavu, ongezeko la chini ya Hz 200 linaweza kuzidi desibeli 10; ukirudi nyuma sentimita 15 au 20, sehemu kubwa ya ongezeko hilo inaondoka. Unaona basi kwamba ikwalaiza yako ya kwanza ni kiti unachokalia. Tena ongezeko hilo hubadilika kila unapoinamisha kichwa kusoma karatasi, kwa hiyo ukirekebisha kwa ikwalaiza dakika ya kwanza, dakika ya pili itakuwa imekosewa. Kaa upana wa shibiri moja kutoka kwenye maikrofoni na ubaki hapo.

Milipuko ya p na b ni upepo wa mdomo unaoupiga utando wa maikrofoni, na nguvu yake kubwa iko chini ya Hz 150. Usiizungumzie maikrofoni usoni; iweke kando kidogo ya mdomo, ikielekea kinywani kutoka pembeni, ili upepo upite na sauti ibaki. Soksi ndefu ya kike iliyovutwa juu ya duara la waya, sentimita 5 hadi 8 mbele ya wavu, inatosha kabisa.

Kama mlipuko umekwisha kurekodiwa, tafadhali usipandishe kichujio cha kipindi kizima kwa sababu ya herufi moja. Kuza picha ya wimbi mpaka uone ule uvimbe mkubwa usio na meno mwanzoni mwa neno, tuseme p ya «pamoja». Huchukua sehemu ndogo tu ya sekunde. Chagua kipande hicho peke yake, tia kichujio cha Hz 150 au hata 200 chenye mteremko mkali, kisha sikiliza neno zima. Sikio halitambui kwamba besi imekosekana kwa muda mfupi hivyo. Ni kazi ya uvumilivu, na kipindi cha nusu saa kinaweza kuwa na milipuko mingi, lakini baada ya kuifanya mara moja utaikumbuka soksi.

Kwa unene uliobaki, kata kilicho chini ya Hz 80 kwa mteremko wa desibeli 12, kisha punguza desibeli 2 hadi 4 kuzunguka Hz 200 au 250. Wasikilizaji wako wanatumia simu, na simu haitawapa ule uzito wa redio unaoutafuta hata ukiujaza vipi. Itawapa ukungu wake tu.

Kutoka Mbale

*Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu mstaafu na nimewapa vijana chumba wafanye studio. Wamegandisha trei za mayai ukutani kote. Sauti bado inanguruma. Je, tuongeze safu ya pili?*

Mzee wetu, heshima zako, na vijana wamebahatika. Safu ya pili haitasaidia. Wimbi la Hz 100 lina urefu wa mita 3.4 hivi, na ili kitu chenye vinyweleo kilimeze vizuri, kinatakiwa kufikia karibu robo ya urefu huo kutoka ukutani, yaani sentimita 85. Trei ya mayai ni karatasi nyembamba. Inapunguza kidogo milio ya juu na kuiacha besi ipite kama haikuiona. Matokeo yake ni kwamba chumba kimepoteza ung'avu na kubakiza mngurumo, na ndiyo maana vijana wanahisi mngurumo umezidi. Tena karatasi hizo kavu zikishika moto huenda haraka, na kwa chumba chenye nyaya nyingi ningeziondoa kwa sababu hiyo peke yake.

Chukueni magodoro mawili ya sponji ya inchi 6, myasimamishe nyuma na pembeni ya mwimbaji, mkiacha nafasi kama hiyo hiyo ya inchi 6 kati ya godoro na ukuta. Mpangilio huo utashika vizuri kuanzia Hz 300 hivi kwenda juu, eneo ambalo ndilo hufanya sauti isikike kama imetoka ndani ya sanduku. Ule mngurumo wa Hz 50 hadi 60 hautashikwa na godoro, ila kwa sauti ya kuimba kichujio kitauondoa bila madhara. Mwimbaji asisimame kwenye kona wala katikati kabisa ya chumba. Asogee nusu mita nusu mita huku mmoja akisikiliza kwa hedifoni, na mtapata mahali ambapo besi inatulia.

Kutoka Kampala

*Mhariri, mimi ni mwanafunzi ninayejifunza uprodyuza. Je, ikwalaiza itangulie kompresa au ifuate? Na je, ni kweli kwamba kila mkondo wa sauti, yaani kila kilichorekodiwa peke yake, uwekewe kichujio cha besi? Nimerekodi engalabi, ile ngoma ndefu, kwa maikrofoni mbili, moja juu ya ngozi na moja chini kwenye tundu, na baada ya kuweka kichujio ngoma imepoteza nguvu.*

Kichujio cha kuondoa mngurumo kitangulie. Kompresa, zana inayoishusha sauti kila inapokuwa kubwa mno, haijui tofauti ya wimbo na lori linalopanda mlima nje. Ikipokea mngurumo wa Hz 30 wenye nguvu, itaishusha sauti ya mwimbaji kila lori linapopita, na hata ukiukata mngurumo baadaye, mshuko huo utabaki. Marekebisho ya kupendezesha, kama kuongeza joto kidogo la kifua au kupunguza ukali, yaweza kufuata baadaye.

Kuhusu kila mkondo, hapana. Tabia hiyo imeenea kwa sababu ni rahisi kufundisha, lakini kichujio kinatakiwa kiwe na kitu cha kuondoa. Fungua mchoro wa masafa; kama chini ya chombo hakuna kitu, kichujio hakifanyi kazi yoyote isipokuwa ile ya pembeni ambayo ndiyo iliyokupata wewe. Vichujio vya kawaida huchelewesha kidogo masafa yaliyo karibu na alama yao. Kwa mkondo mmoja jambo hilo halisikiki, ila kwa maikrofoni mbili zilizorekodi ngoma moja, ukichuja moja na kuiacha nyingine, mawimbi hayapandi tena pamoja: moja linapanda wakati jingine linashuka, na yanafutana pale pale ambapo besi ya engalabi inakaa. Kuna vichujio visivyochelewesha masafa kwa tofauti, lakini hutia mlio hafifu unaotangulia pigo lenyewe, na kwa ngoma yenye mpigo mkali kama hiyo mimi singevitumia.

Ondoa kichujio ulichoweka kwenye maikrofoni moja. Unganisha mikondo miwili katika kundi moja na uchuje kundi zima, kwa Hz 40 hivi, kwa mteremko wa desibeli 12. Kisha, kwa kuwa ngozi inapopigwa inaisogelea maikrofoni moja na kuikimbia nyingine, geuza wimbi la maikrofoni ya chini lisimame kichwa chini na usikilize zote mbili pamoja. Uzito wa ngoma ukiongezeka, liache hivyo, ukipungua, lirudishe.